Safari ya Orlando na Pwani Iliyojengwa Florida

Si mara moja wala mbili tumeulizwa na wasomaji wetu, wa Unguja na wa Pemba, juu ya safari ya mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani. Baadhi yao wana ndugu waliolowea huko, ambao kila mwaka huwaita waje pamoja na watoto. Wengine ni maofisa wa Serikali ambao kazi yao inawataka waujue utalii, na jina la Orlando hawaachi kulisikia kila panapotajwa miji iliyoneemeka kwa wageni. Haja za makundi haya mawili ni mbalimbali, lakini mji ni ule ule na nauli ni ile ile, basi tumeona si vibaya tukiyasema yote kwa pamoja.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba Orlando haiko pwani. Mji huo umekaa ndani, katikati ya rasi ya Florida, umezungukwa na maziwa na vinamasi, na kuifikia bahari ya Atlantiki ni mwendo wa kiasi cha saa moja kwa gari. Wageni zaidi ya milioni 70 wanaouzuru kila mwaka hawafuati mchanga mweupe. Wanafuata viwanja vya burudani vilivyobuniwa na kujengwa na watu: vinne vya kampuni ya Disney, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na vile vya kampuni ya Universal, ambavyo kikubwa cha karibuni, Epic Universe, kilifunguliwa tarehe 22 Mei 2025. Sisi tuliopewa bahari na Mwenyezi Mungu bila ya malipo hatuna budi kustaajabu kidogo.

Jambo la kwanza kwa msafiri ni viza. Ombi hupelekwa Ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam, na ada ya ombi la mtembezi, iliyowekwa mwaka 2023, ni dola 185, ambayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Masharti yenyewe yamekuwa yakibadilika, na tangu mwaka 2025 yamezidi kukazwa kwa nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwa mojawapo. Kwa hiyo twawasihi wazazi wasikate tiketi ya ndege, wala wasiwaahidi watoto, kabla ya kuuliza ubalozini hali ilivyo mwezi ule ule wanaoomba.

La pili ni wakati. Likizo ya Disemba, ambayo ndiyo wazazi wengi huikusudia, ni wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa baina ya Krismasi na Mwaka Mpya Marekani nzima huwa imekusanyika hapo. Pasaka ni vivyo hivyo, na miezi ya Juni na Julai haina nafuu kubwa. Mwenye uhuru wa kuchagua na achague mwisho wa Januari, au Septemba baada ya skuli za huko kufunguliwa. Septemba nayo ina hatari yake, maana msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Kimbunga Ian mwezi wa Septemba 2022, na kimbunga Milton mwezi wa Oktoba 2024, vyote viwili viliilazimisha Disney kufunga milango. Pia maziwa ya huko yana mamba. Mwezi wa Juni 2016 mtoto wa miaka miwili alinyakuliwa ukingoni mwa ziwa lililo ndani ya eneo la Disney, akafariki. Watoto wa visiwani, waliozoea kuingia majini bila ya kuuliza, waambiwe hayo mapema.

La tatu ni fedha, na hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. Bei ya kuingia Disney haiko sawa kila siku. Hupanda na kushuka kwa tarehe. Katika siku za upungufu wa watu tiketi ya mtu mzima ni kiasi cha dola 120 kwa siku moja katika kiwanja kimoja, na katika siku za msongamano hukaribia dola 200. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu haingii katika hesabu. Tuchukue familia ya watu wanne, siku nne, kwa wastani wa dola 150: hizo ni dola 2,400, kabla ya hoteli, kabla ya gari, kabla ya chakula. Kuegesha gari peke yake ni kiasi cha dola 30 kwa siku. Nafuu zipo, lakini hazitangazwi sana. Disney humruhusu mgeni kuingia na chakula chake mwenyewe, jambo lenye faida mara mbili kwa familia inayotafuta chakula cha halali, na kwenye vibanda vya chakula vya haraka maji ya baridi hutolewa bure kwa anayeomba. Tiketi za siku kadhaa nazo hupunguza bei ya kila siku.

Kisha kuna foleni. Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu wa kumpa mgeni saa yake ya kurudi, ili asisimame juani, na haukuwa na malipo. Oktoba 2021 ukaja utaratibu mwingine, wa kulipia. Sasa kwenye michezo mikubwa kuna mistari miwili, wa aliyelipa zaidi na wa asiyelipa, na huo wa pili unaweza kufika saa moja na nusu. Mtoto aliyesimama muda huo kwa ajili ya mchezo wa dakika tatu haelewi sababu ya mwenzake kupita mbele yake, na baba yake hapati maneno ya kumweleza mbele ya watu.

Sasa tufike pahala ambapo, kwa maoni yetu, mtu wa visiwa hivi ana haki ya kusimama muda mrefu kuliko mgeni mwingine yeyote. Katika kiwanja cha Disney kiitwacho Animal Kingdom, kilichofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kuna mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki uitwao Harambe, neno ambalo ni wito wa Kenya uliopunguzwa herufi moja. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika, wakautazama mji wa Lamu na nyumba zake za mawe, wakaujenga upya katikati ya vinamasi vya Florida. Maandishi ya Kiswahili yapo huku na huko. Imeandikwa Uhuru na mwaka 1961, katika mji ambao haukupata kuwa koloni la yeyote. Panapouzwa pombe panaitwa Dawa. Mibuyu iliyo kwenye njia ya kutazama wanyama ni ya saruji, ingawa twiga wenyewe ni wa kweli. Katika hoteli ya jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, na nadhani ya kwamba jikoni ni mahali pa gharama kubwa huenda ikawashangaza mama zetu.

Hatusemi kwamba kazi hiyo imefanywa kwa dharau. Waliokwenda kutazama walitazama kwa makini, na anayeijua pwani ataitambua. Kinachotugusa ni kuta. Kuta za Harambe zilijengwa mpya, kisha mafundi wakalipwa kuzichakaza: chokaa imebanduliwa kwa makusudi, nyufa zimechorwa, mabango yamefifishwa rangi, ili mgeni aone ukongwe. Hapa kwetu, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyufa zake hazikuchorwa na mtu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Afisa anayehusika na majumba yetu akipita Harambe, tungependa ajiulize ni fedha kiasi gani hutumika huko kwa mwaka kuutunza uchakavu wa bandia, na ni kiasi gani hutumika hapa kuuzuia wa kweli.

Habari ya lugha nayo ina upande wake. Maneno “hakuna matata”, ambayo hapa visiwani husemwa zaidi na wanaowakaribisha watalii kuliko na wenyeji baina yao, yaliombewa na Disney hati ya alama ya biashara mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, na hati ikatolewa mwaka 2003 kwa matumizi ya nguo. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha waraka wa malalamiko, na watu zaidi ya laki moja wakautia saini. Wanasheria walijibu kwamba alama hiyo haimzuii mtu kuyasema maneno hayo, na jibu hilo twalikubali. Lakini malalamiko hayakuwa juu ya kusema. Yalikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kuyachapa kwenye fulana na kuyauza Marekani.

Kwamba mambo yaweza kwenda kwa namna nyingine, ushahidi uko katika kiwanja kingine cha kampuni hiyo hiyo. EPCOT, iliyofunguliwa mwaka 1982, ina mabanda ya nchi kumi na moja. La Morocco lilifunguliwa mwaka 1984, na halikuachiwa wabunifu wa Marekani peke yao. Serikali ya Mfalme Hassan II ilijitia katika kazi hiyo, ikapeleka mafundi wake wa vigae na wa kuchonga, na heshima ya dini ikazingatiwa katika mapambo. Banda la Afrika ya Ikweta lilitangazwa zama hizo hizo, lakini halikujengwa. Pakabakia kituo kidogo cha kuuzia vinywaji na zawadi, kati ya Uchina na Ujerumani. Nchi iliyokaa mezani ilipata kujisemea, na zile ambazo hazikukaa zilisemewa, kwanza kwa kibanda na baadaye kwa Harambe.

Maofisa wetu watakaokwenda kujifunza tungewaomba watumie muda wao mwingi mahali ambapo watalii hawaendi kabisa. Kati ya mwaka 1964 na 1965 Disney ilinunua ekari zaidi ya elfu 27 kwa siri, kwa majina ya makampuni ya bandia, moja likijiita shamba la mifugo, kwa bei ya wastani wa chini ya dola 200 kwa ekari. Eneo hilo ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kisiwa cha Pemba. Gazeti la mji lilipofichua mnunuzi ni nani, Oktoba 1965, ardhi ilikuwa imekwisha kununuliwa. Mwaka 1967 Bunge la Florida likapitisha sheria ya kuunda wilaya ya pekee, Reedy Creek, yenye mamlaka ya kujenga barabara na mifereji, kuwa na kikosi chake cha zimamoto, kutoa vibali vya ujenzi na kukopa fedha kwa hati za dhamana. Ilipewa hata idhini ya kujenga uwanja wa ndege na mtambo wa nguvu za nyuklia ikitaka. Wajumbe wa bodi walichaguliwa kwa kura za wenye ardhi, kila ekari kura moja. Kwa kuwa karibu ekari zote zilikuwa za kampuni, matokeo ya uchaguzi hayakumsumbua mtu.

Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka 55. Haukuvunjwa na wananchi waliotaka sauti, bali na ugomvi wa mwaka 2022 baina ya kampuni na Gavana Ron DeSantis juu ya sheria ya maskuli, na Februari 2023 uteuzi wa bodi ukawekwa mikononi mwa Gavana mwenyewe. Kesi zilifunguliwa, na mwaka 2024 pande mbili zikapatana. Serikali inayokodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji ina sababu ya kuisoma sheria ile ya mwaka 1967, kifungu kwa kifungu, na kuona lipi lilitolewa na lipi lilibakishwa.

Wakiwa huko waulize pia habari za michungwa. Kabla ya Disney, Florida ya kati iliishi kwa machungwa kama sisi tulivyoishi kwa karafuu. Baridi kali za kugandisha za Disemba 1983, Januari 1985 na Disemba 1989 ziliua mashamba, na wenye ardhi wengi hawakupanda tena; waliuza viwanja vya nyumba na hoteli. Wafanyakazi wanaozitandika hoteli hizo wamedai mishahara kwa miaka mingi. Mwaka 2018 vyama vyao vilifikia mapatano na Disney ya kima cha chini cha dola 15 kwa saa, kikapandishwa hadi dola 18 kwa mapatano ya mwaka 2023. Pamoja na hayo, kando ya barabara namba 192 huko Kissimmee kuna familia zinazoishi katika vyumba vya moteli mwezi baada ya mwezi, kwa kukosa uwezo wa kulipa amana ya nyumba. Wakati huo huo Wilaya ya Orange hukusanya kwa wageni wa hoteli kodi ya asilimia 6, zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na sheria ya jimbo huilazimisha sehemu kubwa ya fedha hizo irudi katika kuutangaza utalii na katika majengo ya mikutano. Novemba 2022 wapiga kura wa wilaya hiyo waliombwa wakubali kodi nyingine, ya mauzo, kwa ajili ya mabasi na barabara, wakakataa.

Kwa hiyo orodha yetu kwa afisa anayefunga mizigo ni fupi: ofisi za wilaya iliyorithi Reedy Creek, wakusanya kodi wa Wilaya ya Orange, vyama vya wafanyakazi wa hoteli, barabara namba 192, na asubuhi moja ya Harambe akiwa na kalamu. Kazi hiyo haizidi siku tano, na ripoti yake twaahidi kuichapa katika ukurasa huu. Tiketi za kasri la Cinderella zisiingizwe katika gharama zake.