Simu Inapokulevya Umekaa Sebuleni

Septemba 2013 Apple ilitoa iOS 7, na haikuchukua muda watumiaji wakaanza kulalamika kwamba simu inawatia kichefuchefu. Tatizo halikuwa mwanga wala udogo wa maandishi. Ukigusa programu, skrini nzima ilikuvuta ndani kama unayetumbukia. Ukiifunga, ikakurudisha nyuma kwa kasi. Picha ya nyuma nayo ilisogea kila ulipoinamisha mkono, ili aikoni zionekane zinaelea juu yake. Wengi waliyapenda madoido hayo. Kwa wachache ilikuwa kama kuvuka mkondo wa Nungwi wakati wa kusi, ilhali wamekaa kwenye kochi. Mwezi uliofuata toleo la 7.0.3 likaleta nafuu: ukiwasha swichi ya Reduce Motion, dirisha halikuvuti tena, linafifia tu na jingine kujitokeza mahali pake.

Wapo waliowacheka walalamikaji kwamba wanadeka. Lakini ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo na kupinda vinyweleo vinavyopeleka habari ubongoni. Kando yake vipo vifuko viwili vyenye chembe za chokaa, vinavyohisi mvutano wa dunia na mwendo wa kwenda mbele au juu. Ubongo hulinganisha habari hizo na zile za macho na za misuli. Macho yakisema tunakwenda na sikio likisema tumetulia, ndipo mate yanapojaa mdomoni. Maelezo haya ya mgongano wa hisi yalipangwa vizuri na James Reason na J. J. Brand mwaka 1975. Kwa nini tumbo ndilo lilipie, hapo wataalamu wanabishana. Michel Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba ubongo huudhania mgongano huo kuwa dalili ya sumu, ukaamuru itapikwe. Ni wazo tamu, ila kulithibitisha ni kazi nyingine.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka kwa viziwi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, NASA na wataalamu wa tiba ya anga wa jeshi la majini la Marekani waliwachukua wanaume 11 kutoka Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington. Kasoro mmoja tu, wote walikuwa wamepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia viungo vyao vya mizani ndani ya sikio. Walizungushwa kwenye vyumba vya majaribio, wakarushwa kwa ndege, kisha wakapandishwa kivuko karibu na Nova Scotia, Kanada, bahari ikiwa imechafuka. Wao walicheza karata na kupiga soga. Watafiti ndio waliolewa bahari hadi jaribio likavunjwa. Sikio lisipotoa habari, hakuna cha kugongana na macho.

Wenye kipandauso, au ambao mizani ya sikio imeharibika kwa sehemu tu, mara nyingi huyategemea mno macho. Kwao hata skrini ya kiganjani inatosha kuleta kizunguzungu.

Kwenye Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, swichi ya kuondoa uhuishaji iko katika mipangilio ya ufikivu. Simu za zamani zina njia ya mafundi: gusa nambari ya muundo mara saba, menyu ya wasanidi ifunguke, utafute vipimo vya uhuishaji. Vijana wengi hushusha vipimo hivyo hadi nusu ili simu ionekane nyepesi. Simu haijaongeza nguvu yoyote, ni maonyesho tu yamefupishwa. Na kwa mtu anayesumbuliwa na mwendo, nusu si dawa, maana dirisha linaruka umbali uleule kwa kasi maradufu. Azime kabisa.

Hata hivyo mwendo huo haukuwekwa kwa urembo mtupu. Dirisha linaponywea hadi kwenye aikoni yake, unajua limekwenda wapi. Ndiyo maana naona kufifisha ni busara kuliko kufuta kila kitu.

Swichi ina mipaka. Video zinazojicheza zenyewe mara nyingi huzimwa kivyake. Tovuti, tangu 2017, zinaweza kuiuliza simu kama mwenyewe ameomba mwendo upunguzwe, lakini ni juu ya mtengenezaji kujali jibu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka mwendo unaoanzishwa na mguso uweze kuzimwa, ila sharti hilo liliwekwa kwenye ngazi ya juu kabisa, ambayo wachache hulazimika kuifikia.

Ndani ya basi mambo hugeuka. Mwili unayumba, maandishi yametulia, na macho ndiyo yanayosema hatuendi. Hapo kuzima uhuishaji hakusaidii kitu. Afadhali kuangalia mbali nje ya dirisha. Kwa asiyeweza kuiacha simu, mwaka 2024 Apple ilileta katika iOS 18 nukta zinazotembea pembezoni mwa skrini kufuata mwendo wa gari, ili macho yapate habari zilezile za sikio. Swichi ya nukta hizo imewekwa kwenye ukurasa uleule wa Motion, pamoja na ile ya kupunguza mwendo.