Mtoto wa Mbwa Hufunzwa Mapema, Tena Bila Fimbo

Mwaka 1961 jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanywa Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye ua mrefu, bila kuzoeshwa watu. Baadhi yao walitolewa wakiwa na umri tofauti, wakachezewa na watu kwa wiki moja, kisha wakarudishwa. Waliotolewa kati ya wiki ya 5 na ya 9 walizoea vizuri zaidi. Ambao hawakutolewa kabisa mpaka wiki ya 14 walimkimbia binadamu kama wanyama wa porini.

Kwetu hesabu hii hupuuzwa. Mbwa wa ulinzi analetwa, anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba “mpaka akue”, ndipo mafunzo yaanze. Anayekua hivyo wengi humwita mkali, kumbe ni mwoga, na mbwa mwoga haulizi aliyemkaribia ni mwizi au mtoto wa mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba umri huo wa kuzoea hupita kabla chanjo hazijakamilika. Chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hurudiwa mpaka karibu wiki ya 16, na kirusi chake huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi. Basi abebwe. Akiwa mikononi ataona bodaboda, wanafunzi, mama mwenye baibui na mzee mwenye mkongojo, bila kukanyaga palipochafuliwa na mbwa wengine.

Haja ndogo nayo ina sayansi yake. Atolewe kila aamkapo, amalizapo kula na baada ya mchezo, apelekwe mahali palepale. Akimaliza, apewe dagaa papo hapo, maana tuzo ikichelewa hata kwa sekunde chache, hajui tena amepewa kwa lipi. Kule Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa kanuni hiyohiyo: mlio mfupi, kisha ndizi. Kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wa usiku hakumfundishi usafi. Kunamfundisha kukojoa nyuma ya kochi, usikomwona.

Fimbo je? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watafiti wa Porto, Ureno, walilinganisha mbwa 92. Waliofunzwa kwa kukaripiwa na kuvutwa shingo walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda zaidi kwenye mate yao kuliko kwa waliofunzwa kwa tuzo.

Kung’ata ni kawaida ya mtoto wa mbwa. Meno yake 28 ya utoto ni kama sindano. Aking’ata, mchezo usimame mara moja, apewe kamba ya kutafuna. Ila akimchubua mtu ngozi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng’atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo: kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na mbwa mdogo anaweza kuwa nacho pia.