Fikra za Kukata Tamaa na Dawa Yake

Wapo wengi miongoni mwetu ambao wakipata alama mbaya katika somo moja tu, papo hapo husema, "Mimi sina akili." Mimi nilikuwa mmoja wao. Muhula uliopita nilipata alama 22 katika 100 za Hesabu. Usiku ule bwenini, kabla taa hazijazimwa, nilianza kumwandikia mama barua ya kumwomba niache shule nirudi nyumbani kulima.

Yafaa tujue fikra za namna hii zilivyo. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa magonjwa ya akili huko Marekani, Aaron Beck, aliona ya kuwa wagonjwa wake wenye huzuni nyingi walijiwa na fikra upesi upesi, bila ya kuziita. Fikra hizo zilihukumu mambo matatu: nafsi ya mtu, ulimwengu unaomzunguka, na siku zake za mbele. Mgonjwa aliziamini bila ya kuzichungua. Basi Beck akawafundisha kuzihoji, kama hakimu amhojivyo shahidi: Ushahidi uko wapi? Je, hakuna maelezo mengine? Njia hiyo sasa hutumika katika nchi nyingi.

Mwalimu wetu mmoja aliponieleza habari hii, nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto nikaandika, "Sina kichwa cha Hesabu." Upande wa kulia nikaandika ushahidi kutoka katika karatasi yangu ya mtihani. Maswali yalikuwa 14. Maswali 3 nilikuwa nimeyapata yote. Maswali 7 yalinishinda, na 5 kati ya hayo yalihusu duara na pembetatu. Maswali 4 yaliyobaki sikuyagusa kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Nilipoyajaribu jioni ile, mawili niliyaweza.

Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa fikra mbaya ilininyang'anya alama kwanza, kisha ikazitumia alama hizo kuwa ushahidi wake.

Wala sisemi mtu ajidanganye. Kujiita hodari na huku hujui duara ni uongo vilevile. Neno la kweli lilikuwa hili: "Duara sijalielewa bado." Neno hilo lina dawa. Nilimwomba mwenzangu anifundishe kila siku baada ya chakula cha jioni, na katika jaribio la juzi nimepata 41. Si nyingi, lakini barua ya mama sikuipeleka posta.

Tena, huzuni ikidumu majuma mawili, ukakosa usingizi na hamu ya chakula, usipigane nayo peke yako. Mwambie mwalimu, mzazi, au mganga wa zahanati. Wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na mhunzi mwenye busara haoni haya kuazima koleo kwa jirani.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV