Utafiti Uanzie Wodi ya Wazazi

Mjamzito akiletwa hospitalini Beni, mashariki mwa Kongo, ana homa na anatokwa damu, huenda mimba inaharibika, huenda ni malaria kali, huenda ni Ebola. Kwa macho hutofautishi. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa mkoani humo, Kivu Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, dalili hizo zilitosha kumfanya mshukiwa: atengwe, atolewe damu ya kupimwa, asubiri. Tena, kama dalili zilikuwa hazijatimiza saa 72, jibu moja la kuonyesha hana virusi halikutosha, kipimo kilirudiwa. Anayevuja damu ya uzazi hana saa 72 za kusubiri.

Wa kwanza kuliona tatizo hilo ni mkunga wa zamu. Ndiye anayeweza kuuliza: kati ya wajawazito tuliowatenga, wangapi walikuwa na Ebola kweli? Wasiokuwa nayo walikaa muda gani kabla ya kuongezewa damu au kusafishwa kizazi? Haya ni maswali ya utafiti kamili. Kinachokosekana ni mtu wa kumsaidia mkunga kuyafikisha kwenye majibu.

Wako wanaosema kwamba penye vita na maradhi hapafanyiki utafiti. Sikubaliani nao. Novemba 2018 jaribio la Pamoja Tulinde Maisha lilianza Beni, kisha likaendelea Butembo, Katwa na Mangina, likilinganisha dawa nne za Ebola. Liliongozwa na INRB, taasisi ya taifa ya Kongo ya utafiti wa tiba, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na washirika kutoka Marekani. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, akauawa Butembo akiwa kazini. Hata hivyo, kufikia Agosti mwaka huo majibu yalikuwa yamepatikana: dawa mbili zilipunguza vifo waziwazi. Wajawazito nao walipokelewa katika jaribio hilo.

Kwenye chanjo mambo yalikuwa tofauti. Wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje mpaka Juni 2019, kwa sababu chanjo ilikuwa na virusi hai na usalama wake kwao haukuwa umethibitishwa. Na ungethibitishwa vipi, ikiwa hawachanjwi? Hali ilikuwa hivyo ingawa tangu mlipuko wa Ebola wa Yambuku, mwaka 1976, ilijulikana kwamba kati ya wajawazito 82 walioambukizwa, 73 walikufa. Mlipuko wa Kivu ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wa kike.

Basi mkunga wetu asaidiweje? Semina ya siku tatu hotelini, yenye bahasha ya nauli, haitoshi. Tuanze na daftari la uzazi. Saa ya mtoto kuzaliwa imo. Saa mama alipofika getini na saa jibu la maabara lilipotoka mara nyingi zimetawanyika kwenye karatasi nyingine, au hazikuandikwa. Safu mbili zikiongezwa, swali lake limeanza kupata jibu. Anahitaji pia saa chache kila wiki ambazo hapangiwi zamu, mtakwimu wa kumshauri kabla hajaanza kukusanya, na kamati ya maadili iliyo karibu: Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Beni.

Ridhaa ya kushiriki utafiti nayo ni jambo zito. Mama mwenye uchungu atamkatalia nani, na anayemwomba ndiye atakayemzalisha? Aombwe na mtu mwingine, kwa Kinande au Kiswahili, mapema akiwa kliniki ya wajawazito, na aambiwe kwamba akikataa atahudumiwa vilevile. Fomu ya Kifaransa iliyowekwa alama ya kidole gumba siihesabu kuwa ridhaa.

Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba na wanafunzi wanaotafuta mada za kumalizia masomo. Wakuu wa hospitali na wa vitivo wakae meza moja na wakunga, wachague maswali mawili au matatu, wayafanyie kazi. Wafadhili nao walipie takwimu na muda wa wakunga hao, na makala ikichapishwa, jina la mkunga aliyeuliza liwemo kati ya waandishi.