X Iliyohesabiwa Kuwa Ndiyo

Aprili 2016, watazamaji wa kituo cha televisheni cha KCCI huko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, walikuwa wakifuatilia utabiri wa hali ya hewa pale ramani ya mvua ilipofunikwa ghafla na kidirisha kikubwa. Kidirisha kilikuwa kinaishauri kompyuta ya studio ihamie Windows 10. Mtangazaji alitania kidogo, akabadilisha picha, akaendelea na kazi yake. Klipu ikaenea dunia nzima, maana kidirisha hicho kila mtu alikuwa anakijua. Kilikuwa kimeshamkera nyumbani.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka mzima wenye Windows 7 na 8.1 wangeipata bure. Microsoft ilikuwa na haraka yake. Windows 8 haikupendwa. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikuwa imeng'ang'aniwa hadi kampuni ikalazimika kuihudumia mpaka Aprili 2014. Zaidi ya hayo, Aprili 2015 wakuu wa kampuni walikuwa wameahidi hadharani kwamba Windows 10 itakuwa kwenye vifaa bilioni moja ndani ya miaka miwili au mitatu. Ahadi ya namna hiyo humfanya mtu asisubiri kukubaliwa.

Ili kuelewa hasira iliyofuata, inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo mtumiaji wa kawaida huyaona kama kitu kimoja. Kuna kiraka cha usalama: programu ndogo inayoziba tundu ambalo wahalifu wangeweza kulipitia, na baada ya kuisakinisha kompyuta inabaki kama ilivyokuwa. Kisha kuna toleo jipya la mfumo endeshi. Hilo ni gigabaiti kadhaa. Linabadilisha sura ya skrini na mipangilio ya faragha, na wakati mwingine printa ya zamani au programu ya uhasibu iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita hukataa kufanya kazi. Kiraka ni wajibu. Toleo jipya ni uamuzi wa mwenye mashine.

Microsoft ilivipitisha vyote viwili katika njia moja. Sasisho lililopewa namba KB3035583 liliingia kwenye kompyuta pamoja na viraka vya kawaida, na mwanzoni jina lake halikutaja Windows 10 hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuweka alama ndogo ya dirisha kwenye pembe ya chini ya skrini, kulia, ikimwalika mtu ahame. Aliyelificha sasisho hilo alilikuta limerudi. Septemba 2015 kampuni ilikiri kwamba mafaili ya Windows 10 yalikuwa yanapakuliwa hata na kompyuta za watu ambao hawakuyaomba. Februari 2016 toleo lenyewe likapandishwa daraja na kuwa sasisho "linalopendekezwa", daraja ambalo kompyuta nyingi zilikuwa zimepangwa kulipokea bila kuuliza.

Mei 2016 ndipo walipozidisha. Kidirisha kipya kilimwarifu mtumiaji kwamba uhamisho umeshapangiwa siku na saa. Kwenye kona kulikuwa na ile X ambayo kila mtu amefundishwa, tangu siku za Windows 95, kwamba maana yake ni funga, sitaki. Safari hii aliyeibonyeza alihesabiwa kuwa amekubali, na saa ilipofika mashine ikaanza kuhama. Ni vigumu kulitetea hilo. Mtu anaposema hapana kwa ishara uliyomfundisha mwenyewe, kisha ukaandika ndiyo, huwezi kudai kwamba hakukuelewa.

Hasara ziliangukia kila mahali. Katika hifadhi ya Chinko, mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wafanyakazi wanaopambana na majangili walikuwa wakipata intaneti kwa setilaiti na kulipia kila megabaiti. Kompyuta zao zikaanza kuvuta Windows 10 zenyewe. Msomaji wa Mbeya au Kisumu anayehesabu bando lake la mwezi hahitaji kuelezwa uchungu huo. Huko Sausalito, California, mwenye wakala wa safari aliishtaki Microsoft baada ya kompyuta ya ofisi yake kujaribu kuhama, kushindwa, kisha kuzimika kila mara kwa siku kadhaa. Mahakama ilimpa dola 10,000. Kampuni ilikata rufaa, baadaye ikaiacha, ikisema haikubali kosa bali inaepuka gharama za kesi.

Watumiaji nao hawakukaa kimya. Mtaalamu wa usalama Steve Gibson alitoa Never10, programu isiyofika hata kilobaiti 100, iliyozima uhamisho kwa mbofyo mmoja. Cha kushangaza ni jinsi ilivyofanya kazi. Gibson hakuvunja kufuli lolote. Aliwasha tu mpangilio ambao Microsoft yenyewe ilikuwa imeuweka na kuuandikia maelezo kwa ajili ya mafundi wa makampuni. Toleo la Enterprise, linalotumiwa na taasisi kubwa, halikusumbuliwa kabisa. Kwa hiyo swichi ya kukataa ilikuwepo siku zote, ila ilifichwa mahali ambapo mwenye duka, mwanafunzi na mstaafu wasingeifikia. Mtu akiwaita waliogoma washamba wa teknolojia, mkumbushe hilo.

Mwishoni mwa Juni 2016, mwezi mmoja kabla ofa haijafungwa, kidirisha kilibadilishwa na hatimaye kikapata kitufe wazi cha kukataa. Desemba mwaka huo Chris Capossela, mkuu wa masoko wa Microsoft wakati huo, alikiri kwamba kwenye suala la X walivuka mpaka. Ujerumani, shirika la kutetea watumiaji la Baden-Württemberg liliifuata kampuni mahakamani hadi Agosti 2017, ilipotoa ahadi rasmi ya kutopakua mafaili ya mfumo mpya bila ridhaa. Vifaa bilioni moja? Vilifika Machi 2020.

Lakini mgomo nao una hatari yake, na wengine waligoma vibaya. Kwa kuwa kiraka na toleo vilipita njia moja, wapo walioamua kuzima masasisho yote. Kile ambacho hatua hiyo inakaribisha kilionekana tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi. England, angalau taasisi 34 kati ya kila 100 za hospitali za umma zilivurugwa, na miadi inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Nyingi ya mashine zilizoambukizwa huko zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao bado ulikuwa unahudumiwa, ila hazikuwa zimewekewa kiraka. Walaghai wa mtandaoni hawajali kwa nini mtu amefunga masasisho.

Wenye shaka walipata hoja nyingine Oktoba 2018, sasisho kubwa la Windows 10 liliposimamishwa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa kuwa lilikuwa linafuta nyaraka za baadhi ya watu. Mwaka uliofuata hata wenye toleo la Home waliruhusiwa kuahirisha masasisho hadi siku 35. Uhuru huo ungeweza kutolewa tangu 2015.

Sasa mambo yamegeuka. Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel ni karibu zote za kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta za mitumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya na kuuzwa Luthuli Avenue au Kariakoo mara nyingi ni za vizazi vya kabla ya hapo. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliokokotwa kuingia wanaambiwa watoke, na mlango wa kwenda mbele umefungwa kwa mashine ambazo bado ni nzima.

Mwenye kompyuta ya aina hiyo afungue sehemu ya Windows Update, ajiandikishe kupata viraka vya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo ahamie mfumo endeshi wa Linux, au aitoe mashine hiyo kwenye shughuli za benki na M-Pesa. Toleo jipya likataliwe kama halifai, viraka visizimwe.