Sindano ya Mauti na Kisu cha Mchinjaji

Mara baada ya saa sita ya usiku, tarehe 7 Desemba 1982, katika gereza la Huntsville, jimbo la Texas, Marekani, mtu mmoja alilazwa juu ya kitanda, akafungwa mikanda, na mrija wa dawa ukaingizwa mkononi mwake. Jina lake Charles Brooks. Huyo ndiye wa kwanza kutekelezewa hukumu ya kifo kwa sindano. Wasomaji wetu wengi huenda hawajui ya kuwa alikuwa amesilimu gerezani, na kwamba alikata roho baada ya kutamka shahada.

Hatumtaji ili tumtakase. Mwaka 1976 yeye na mwenzake walimteka fundi wa magari, na fundi yule akauawa kwa risasi. Hakuna kati yao aliyekubali kusema ni nani aliyefyatua. Wote wawili walihukumiwa kufa; walakini hukumu ya mwenzake ilitenguliwa, akapata kifungo cha miaka 40. Dhambi moja, malipo mbalimbali.

Njia hii ilibuniwa mwaka 1977 katika jimbo la Oklahoma na Jay Chapman, daktari mkuu wa kuchunguza maiti, ili mtu afe bila ukatili wa kiti cha umeme. Aliagiza dawa tatu. Ya kwanza, thiopentali, yalaza usingizi. Ya pili, pankuroniamu, yapoozesha misuli yote, hata ile ya kuvutia pumzi. Ya tatu, kloridi ya potasiamu, yasimamisha moyo.

Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo. Ikiwa dawa ya usingizi haikutosha, au haikuingia mshipani sawasawa, mtu yule atahisi kukabwa roho na kuunguzwa ndani ya mishipa, wala hataweza kupepesa hata ukope. Walioketi nyuma ya kioo watamwona amelala kwa amani. Basi dawa ya pili yamfaa nani? Haimwondolei maumivu afaye. Yawaondolea fadhaa watazamao. Mwaka 2008 Jaji John Paul Stevens wa Mahakama Kuu ya Marekani alikumbusha kwamba majimbo kadha, Kentucky likiwamo, yamekataza dawa za namna hiyo katika kuulia wanyama. Mbwa alikingwa nayo, mwanadamu akapewa!

Katika nyumba zetu, mtoto aliyeona kuchinjwa kwa mbuzi siku ya Idi ajua ya kuwa Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuua: kisu kinolewe, na mnyama apumzishwe. Wema huo wamtazama yule afaye, wala si macho ya wageni waalikwa.

Yako na mashaka ya kazi yenyewe. Chama cha madaktari cha Marekani chawakataza madaktari kushiriki, kwa kuwa wao ni watu wa kuponya. Basi mara nyingi sindano hushikwa na watu wenye ujuzi mdogo zaidi. Mwaka 2011 kiwanda cha Marekani kilichotengeneza thiopentali kiliacha kuitengeneza, na Umoja wa Ulaya ukazuia dawa hizo zisipelekwe nje kwa ajili ya kuua. Majimbo yakaanza kujaribu dawa nyingine. Texas tangu 2012 hutumia moja tu. Oklahoma, tarehe 29 Aprili 2014, ilimtia Clayton Lockett dawa mpya ya usingizi kwa mshipa wa kinenani, mahali pamefunikwa shuka. Dawa ikavuja nyamani. Alijinyonganyonga, akaguna, maofisa wakateremsha pazia. Alikufa dakika 43 tangu kuanza. Mtu huyo alimpiga risasi msichana akaamuru azikwe angali hai, nasi hatusahau. Lakini uovu wake si ruhusa ya kumtesa.

Wako watakaotuuliza: ninyi Waislamu mwanena nini, ilhali sheria yenu yakubali kisasi? Kweli yakubali. Lakini imewapa jamaa wa aliyeuawa uwezo wa kusamehe au kupokea dia, na mkosaji akaokoka. Huko Marekani jamaa husikilizwa tu; neno la mwisho si lao.

Tarehe 7 Februari 2019, jimbo la Alabama lilimuua kwa sindano Domineque Ray, Mwislamu, aliyehukumiwa kwa kumuua msichana wa miaka 15. Gereza lilikuwa na kasisi wa Kikristo ambaye kwa desturi huwamo chumbani, karibu na mfungwa. Ray aliomba imamu wake awe badala yake. Wakamkatalia, ati imamu si mtumishi wa gereza. Wakakubali tu kumtoa kasisi. Mahakama Kuu ikaruhusu, majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Mkristo wa Texas, ilitoa hukumu ya kwamba afaye apate mtu wa dini yake wa kumgusa na kumwombea kwa sauti. Usiku ule wa Ray haikuwa hivyo. Alitamka maneno yake ya Kiarabu peke yake, na imamu wake alikuwa upande wa pili wa kioo.