Kuitengeza Nyumba Kabla ya Majira ya Baridi

Watu wa kwetu waliohamia jimbo la Minnesota, kule Marekani, aghalabu wamekulia katika nyumba zilizojengwa ili upepo upite, zenye madirisha yanayokabiliana na matundu ya hewa juu ya milango. Si ajabu, basi, kwamba mtu anunuapo nyumba yake ya kwanza katika nchi ambayo usiku wa Januari waweza kushuka hata nyuzi 25 chini ya sifuri, hudhani baridi ni adui aingiaye dirishani tu, akalifunika dirisha kwa nailoni, akaridhika. Dirisha lina haki yake. Walakini, kwa rai yangu, fedha ya kwanza na ipelekwe juu, katika nafasi iliyo baina ya dari na paa.

Hewa ipatapo moto huwa nyepesi, ikapanda, ikapenya palipotobolewa dari kupitisha nyaya na mabomba, na kwa kutoka kwake ikavuta hewa ya baridi kutoka nje kupitia nyufa za chini, penye msingi. Hata mwenye nyumba akaona baridi miguuni, ilhali ila iko juu ya kichwa chake. Wala madhara hayaishii katika gharama ya gesi. Joto lililotoroka huyeyusha theluji iliyolala juu ya paa, maji yakateremka hata ukingoni, ambako chini yake hamna chumba wala joto, yakaganda tena na kufanya kizingiti cha barafu. Na maji yafuatayo, kwa kukosa njia, hurudi chini ya vigae na kuvuja ndani. Hapo hulaumiwa fundi wa paa, maskini, naye hana kosa. Dawa ni kuziba matundu kwanza, ndipo kutandaza pamba ya kuhifadhi joto, kwani pamba peke yake haizuii hewa kupita. Na kuyatafuta hakuhitaji ala ya thamani: siku ya upepo washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu kandokando ya fremu na soketi, na moshi utakapoyumba ndipo penye ufa.

Maji yagandapo hutanuka takriban asilimia 9, na bomba aghalabu hupasuka baina ya barafu na bilula iliyofungwa, ambapo maji yamebanwa. Kwa hiyo mpira wa bustani uondolewe bilulani kabla ya jalidi ya kwanza, na usiku wa baridi kali milango ya kabati la sinki iachwe wazi na bilula ikidondosha maji. Asafiriye asizime tanuri la kupashia nyumba joto. Aliache kwenye nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi.

Tanuri lenyewe likaguliwe mapema, kabla mafundi hawajaelemewa na kazi. Mengi ya siku hizi hutolea hewa chafu kwa bomba lililotokeza ukutani, karibu na ardhi. Theluji ikiliziba, tanuri huzimika, au kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hurudi ndani. Ndiyo maana sheria ya Minnesota hutaka king'ora cha hewa hiyo kisizidi futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ama jiko la makaa, hata umeme ukikatika na watoto wakitetemeka, lisiingizwe ndani wala gerejini: katika nyumba iliyozibwa kama tulivyoeleza, sumu yake haina pa kutokea.